Mbele ya Rada Anakaa Mtu

Mwenzangu wa chumbani anaamini kwamba siku nikidisko, chanzo kitakuwa ndege. Muhula uliopita, wiki ya pili ya UE, alinikuta saa nane za usiku nimejifunika shuka gubigubi, nimeshika kigemu mkononi, jasho linanitoka. "Wewe bwana," akasema, "watu wanakesha na notisi, wewe unapaki ndege?" Sikumjibu. Nilikuwa na ndege mbili angani zinataka kutua, moja chini inataka kuruka, na njia ni moja tu.

Leo namjibu, hapa kwenye jarida letu. Na niseme mapema ili asije akanichoma: muhula ule nilipata sapu moja. Sikuja hapa kudai kwamba gemu inakufaulisha mtihani. Nimekuja na hoja nyingine, na hoja hiyo inahusu kwetu, Mbulu na Hanang, na vijana ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kazi fulani ipo duniani.

Gemu yenyewe inaitwa Air Traffic Chaos. Ilitoka mwaka 2008 kwa ajili ya Nintendo DS, ile mashine ndogo ya skrini mbili inayokunjwa kama kitabu. Niliipata Karume, kwenye meza ya mitumba, mashine na kadi yake ndani, kwa bei ambayo nikiitaja baba atajua bumu huwa linakwenda wapi. Ni kazi ya Wajapani. Mfululizo wake ulianzia kwenye kompyuta mwaka 1998, chini ya kampuni ya TechnoBrain, na jina lake la Kijapani tafsiri yake ni nyepesi kabisa: Mimi ni mwongoza ndege.

Ukiicheza hurushi ndege. Hilo ndilo linalowashangaza wengi wanaoiomba waijaribu. Wanatafuta usukani hawauoni. Wewe umekaa, ndege zimeorodheshwa mbele yako, na kila moja inakuomba kitu: hii inaomba kukaribia, ile inaomba kutua, nyingine imeshatua na inataka kuelekezwa pa kuegesha, ya nne imejaa abiria na inangoja ruhusa ya kuondoka. Unachagua ndege, unatoa amri, rubani anairudia, unahamia kwa nyingine. Ukimsahau mmoja, msongo wake unapanda, unauona kabisa kwenye skrini. Ukiwaweka wawili mahali pamoja, mchezo umekwisha.

Ni gemu ya kupanga foleni. Ukiieleza hivyo inachosha. Ukiishika, hulali.

Likizo ndefu iliyopita nilikwenda nayo nyumbani, Dongobesh, kwa wasiopafahamu ni katikati ya Mbulu mjini na Haydom, mahali ambapo msimu wa mavuno kila kitu kinanukia vitunguu saumu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Siku ya kwanza alizigonganisha ndege mpaka nikamnyang'anya. Siku ya tatu alinipita pointi. Nikamuuliza amejifunza lini. Akanijibu bila kuinua macho: "Kaka, hii si ni kama kunywesha?"

Ilinibidi nikae chini. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunapelekwa kwa mjomba kuchunga, upande wa Hanang, karibu na Balangida. Ziwa lile maji yake ni ya chumvi, kwa hiyo wakati wa kiangazi ng'ombe hunyweshwa visimani. Asiyewahi kuona kisima cha kiangazi anadhani ni vurugu. Wapi! Kundi moja linakunywa, la pili limesimama mbali kidogo, la tatu bado liko njiani linaonekana kwa vumbi lake tu. Wachungaji wanaitana kwa mbali. Mwenye ndama wachanga anaweza kupewa nafasi ya mbele. Aliyetoka mbali zaidi anafikiriwa. Makundi yakichanganyika, mtashinda hapo mpaka jioni mnatenganisha, na kutakuwa na ugomvi. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anajifunza kitu kimoja kabla ya vyote: usilete kundi lako mpaka lile lingine limetoka.

Hiyo ndiyo kazi ya mwongoza ndege, neno kwa neno. Kitaalamu wanaiita kutenganisha. Ndege mbili zinazopishana zinatakiwa kuachana angalau futi 1,000 kwenda juu, yaani kama mita 300. Zikiwa kimo kimoja, na mwongozaji anazitazama kwenye rada zikiwa safarini, nafasi ya kawaida ni maili 5 za baharini, kama kilomita 9. Kilomita 9 unaweza kuona ni nyingi. Piga hesabu: ndege mbili zinazokabiliana, kila moja kilomita 800 kwa saa, zinazimaliza kilomita hizo kwa sekunde 20 hivi. Sekunde 20 ni muda wa kutafuta kalamu kwenye begi.

Shule ilipofunguliwa mdogo wangu alimwuliza mwalimu mmoja kwamba ili uwe mwongoza ndege unasoma nini. Akaambiwa hiyo ni kazi ya rubani. Akasema hapana, si rubani, ni yule anayekaa chini. Darasa likacheka. Anayekaa chini, basi, ndiyo kazi gani hiyo?

Mwalimu simlaumu. Hata mimi, mwaka wa tatu chuo kikuu, nilikuwa sijui mpaka niliponunua gemu ya mtumba. Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu si kwamba Watanzania hatujawahi kusikia habari za rada. Tumeisikia sana. Kizazi chetu kimekua na hilo neno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, watu wakapiga kelele ndani na nje ya nchi kwamba ni ghali mno na haikuwa ya lazima. Kesi ikaenda mpaka mahakamani London. Mwaka 2010 kampuni ikakiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na ikakubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Fedha zile zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi wakazipa jina: chenji ya rada.

Sisi ndio watoto wa chenji ya rada. Tulikuwa shule ya msingi miaka ile. Kwa hiyo kwetu rada ilikuwa kwanza kashfa, halafu chenji, halafu kitabu cha hesabu. Wanasiasa waliijadili, magazeti yaliichora katuni, wazee waliitania kijiweni. Katika kelele zote zile, hakuna aliyetuambia jambo dogo tu: mbele ya rada anakaa mtu. Mtu mwenye mshahara, zamu, cheti na leseni. Mtu ambaye angeweza kuwa wewe.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kiraia, wa shilingi bilioni 67.3: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Safari hii habari ilikuwa njema. Lakini nayo ilikuwa habari ya mitambo. Picha zilikuwa za mitambo, hotuba zilikuwa za mitambo na mabilioni. Nchi yetu ina tabia ya kuhesabu vyuma na kusahau kuhesabu wanaovitumia.

Basi niwaambie nilichomwambia mdogo wangu, maana inawezekana na wewe unayesoma una mdogo wako. Kazi ipo. Chuo cha kuifundisha kipo Dar es Salaam, ni Chuo cha Usafiri wa Anga, kiko chini ya Mamlaka hiyo hiyo. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya uongozaji ndege haitolewi kwa mtu aliye chini ya miaka 21. Unapimwa afya, macho na masikio yakiwemo. Na Kiingereza chako kinapimwa kwa ngazi 6, ukitakiwa kufika angalau ya 4.

Hapo kwenye Kiingereza mdogo wangu alikunja uso. Nikamwambia asiogope, maana Kiingereza cha kazi hii si cha kutamba mdahaloni. Kinachotakiwa ni maneno machache, yaliyonyooka, yanayotamkwa vilevile kila siku. Sababu yake imeandikwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana ardhini kwenye ukungu, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alianza kuruka akiamini ameruhusiwa, ilhali alichopewa ni maelekezo ya njia atakayofuata baada ya kuruka. Tangu hapo neno la kuruka linalindwa: halitamkwi redioni ila pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa.

Usidhani mambo hayo ni ya kale. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria ya Japan Airlines ilitua juu ya ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa imeingia njiani. Abiria na wahudumu wote 379 wa ile kubwa walitoka salama. Katika ile ndogo walikufa watano. Mwongozaji alikuwa amewaambia waende mpaka kituo cha kusubiri na kwamba wao ni namba moja, yaani wa kwanza kwenye foleni ya kuruka. Rubani akaelewa kwamba ameruhusiwa kuingia. Ni namna ile ile ambayo mtu kwenye foleni ya dirishani anaambiwa "wewe ndiye unayefuata" naye anasukuma mlango.

Ile ndege ndogo ilikuwa imebeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi la Noto la siku moja kabla. Nilipolisoma hilo nilifikiria Katesh. Mwezi mmoja tu kabla yake, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulituteremshia tope, mawe na magogo. Zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Wengi wenu mliona video. Sisi wa Manyara tulikuwa tunapiga simu moja baada ya nyingine. Misaada ilitoka kila kona ya nchi, na barabara za mji zilikuwa zimezibwa. Siku kama hiyo ndipo unapoelewa kwamba kuwa na vitu vya kutoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kipi kitangulie, kipite wapi, nani asubiri, na nani amwambie asubiri kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vibaya. Kwenye vyuo vyetu tunasomea kujenga, kutibu, kutetea na kuhesabu. Kupanga zamu tunakuona ni kazi ya karani. Mimi nasema ni akili ya peke yake, na kuna watoto wanayo tangu kisimani.

Sasa niiseme na kasoro ya gemu, maana rafiki yangu wa chumbani hataniacha.

Gemu hii inakudanganya mahali pakubwa. Viwanja vyake vyote ni vya lami, vina mnara, vina taa, vina mtu wa kujibu redioni. Mtu akiicheza mwaka mzima anaweza kudhani kwamba hivyo ndivyo kuruka kulivyo. Kwetu sivyo. Haydom pana hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, na pana kiwanja kidogo cha ndege. Nimekua nikiona ndege ndogo zikipita juu ya Dongobesh kuelekea huko. Ndege za shirika la kimisionari la MAF zimetumika kuwachukua wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto kutoka Haydom mpaka vijiji ambavyo kwa gari ni safari ya kukatisha tamaa. Madaktari wanaoruka wa AMREF nao, tangu shirika lao lianzishwe mwaka 1957, wamejenga jina lao kwenye viwanja vya namna hiyo hiyo Afrika Mashariki yote.

Kiwanja kama hicho hakina mnara. Rubani anatangaza mwenyewe redioni yuko wapi na anakwenda kufanya nini, ili mwingine yeyote aliye jirani asikie. Kwenye viwanja vya majani anaweza kulazimika kupita chini mara moja kutazama kama kuna ng'ombe, mbuzi au watoto wa shule, azunguke, ndipo atue. Juu ya hayo, sisi tuko nyanda za juu. Hewa ya kimo kama cha Mbulu ni nyepesi kuliko ya Dar, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi, kwa hiyo mbawa zinabeba kidogo na injini inavuta kidogo, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuondoka. Rubani mwenye mgonjwa ndani anapiga hesabu hiyo kabla ya kuwasha injini. Halafu upande wa Katesh kuna Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, ambao ukivaa mawingu yake hutauona mpaka uwe karibu mno.

Gemu haina hayo. Haina mama mjamzito wa Yaeda Chini. Haina ng'ombe. Ukikosea unabonyeza kitufe unaanza upya, na hilo ndilo tofauti yake kubwa na maisha ya wale 583.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba gemu inafundisha kazi. Inafundisha kwamba kazi ipo, na inakuonjesha kidogo jinsi akili inavyotakiwa kukaa wakati watu wanne wanakuomba kitu kwa pamoja. Kwa mtoto wa Oysterbay hilo ni burudani tu, maana akitaka habari za kazi hiyo atazipata hata kwa mjomba wake. Kwa mtoto wa Dongobesh au wa Basotu, hiyo inaweza kuwa mara ya kwanza kabisa. Orodha ya kazi tunazozijua kule ni fupi: mwalimu, daktari, nesi, askari, padri au mchungaji, dereva, mfanyabiashara wa mazao. Siku hizi mmeongeza injinia na mwanasheria. Zilizobaki hazipo, si kwa sababu hatuziwezi, ni kwa sababu hakuna aliyezitaja.

Nimeshasikia hoja za kunipinga, nyingine nimeambiwa kantini mbele za watu. Ya kwanza: "Ndege ngapi zinatua Mbulu mpaka mlie na waongoza ndege?" Jibu: daktari aliyezaliwa Mbulu halazimiki kutibu Mbulu. Anga la Tanzania ni moja. Watalii wanaoruka kutoka Arusha kwenda Serengeti wanapita juu ya bonde letu la ufa, na wanaoangalia njia zao hawaulizwi kabila wala wilaya. Zaidi ya hapo, mtu aliyekulia karibu na kiwanja kisicho na mnara anajua jambo ambalo aliyekulia mjini itabidi aelezwe.

Ya pili: "Kompyuta zitaichukua kazi hiyo, mtakuwa mmechelewa." Inawezekana zitachukua sehemu. Mitambo ya leo tayari inamwonya mwongozaji ndege zikikaribiana. Lakini kila kazi tunayosomea hapa chuoni inaambiwa hivyo hivyo, na bado tumejiandikisha. Kama hofu ya kompyuta ingekuwa sababu ya kutosha, vitivo vingi vingefungwa kesho.

Ya tatu ndiyo ya mwenzangu: gemu inapoteza muda. Hapo ananishinda nusu. Sapu niliipata, na nilistahili. Ila na yeye nimwulize kwa upole: zile saa nne za kubishana Simba na Yanga kila wikiendi, zimemwonesha kazi gani mpya?

Sasa ninachotaka. Serikali ya wanafunzi kila mwaka inatenga fungu la michezo na burudani, na kila mwaka tunaishia kwenye jezi na spika. Naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bilioni.

La kwanza ni la wenzetu wa kompyuta. Kila mwaka mnatafuta mada ya mradi wa mwisho, na kila mwaka tunapata mfumo mwingine wa usajili wa maktaba. Tengenezeni gemu ndogo ya simu ya kuongoza ndege, yenye anga letu. Iweke Dar es Salaam na njia yake ya 05 na 23, iweke Kilimanjaro na 09 na 27, na ueleze kwa Kiswahili kwamba namba hizo zinatoka kwenye dira: 09 ni nyuzi 90, yaani unaelekea mashariki. Amri ziwe kwa Kiingereza kama zilivyo kazini, maelezo yawe kwa Kiswahili. Na hatua ya mwisho, ile ngumu kuliko zote, isiwe uwanja mkubwa. Iwe kiwanja cha majani nyanda za juu, mchana wa jua kali, hakuna mnara, kuna mgonjwa, na kuna ng'ombe. Wajapani walitengeneza ya kwao kutokana na viwanja vyao. Hakuna aliyetukataza.

La pili ni la viongozi. Tarehe 20 Oktoba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya waongoza ndege, ikikumbuka kuanzishwa kwa shirikisho lao mwaka 1961. Mwalikeni mmoja wao aje hapa chuoni azungumze nasi saa moja. Tumeshawaalika wasanii, tumewaalika wahamasishaji wa kututajirisha ndani ya siku 90. Tukimsikiliza mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinachotokea, hatutapungukiwa na kitu.

La tatu ni letu sote, na ndilo ninalolisimamia zaidi. Likizo ndefu ikifika, kila mmoja wetu aende siku moja kwenye sekondari aliyosoma, aombe dakika 40, ataje kazi tatu ambazo hazimo kwenye orodha ya kijiji chake, na aeleze njia ya kuzifikia: masomo gani, chuo kiko wapi, umri gani. Usiende kujionesha na simu mpya. Nenda na karatasi yenye majibu, maana utaulizwa na usipojua watakucheka wewe, na watakuwa na haki.

Mimi nitaanza na Dongobesh. Nimeshaongea na mdogo wangu, ameniambia niende tu, ila nisiseme kwamba ni yeye aliyeuliza lile swali. Bado anaona aibu ya siku ile darasa lilipocheka. Nimemwachia kigemu, nikamwekea masharti: Fizikia na Kiingereza kwanza, ndege baadaye. Wiki iliyopita alinitumia meseji kwa simu ya mama. Hakuandika salamu. Aliandika hivi: "Kaka nimetua zote. Hakuna iliyosubiri sana."

Nikamwonesha mwenzangu wa chumbani. Alisoma, akanirudishia simu, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza gemu kama ile Karume bado zipo.